Itazameni 45 Years mkiwa wawili

Kama kwenye ndoa yenu kuna jambo ambalo kila mmoja analizunguka bila kuligusa, nawashauri mtafute filamu iitwayo 45 Years muitazame pamoja. Ni ya mwaka 2015, imeongozwa na Andrew Haigh wa Uingereza. Humo hakuna anayefumaniwa, hakuna anayepigwa, hakuna anayetupiwa mabegi nje. Aliyezoea tamthilia za jioni anaweza kudhani hakuna kinachotokea. Vumilieni, ni saa moja na nusu hivi tu.

Kate na Geoff Mercer ni wastaafu wanaoishi Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Hawana watoto, wana mbwa. Jumamosi watasherehekea miaka 45 ya ndoa yao, na Jumatatu inaingia barua kutoka Uswisi. Mwili wa Katya, mpenzi wa Geoff wa kabla hajamjua Kate, umeonekana ndani ya barafu ya milima ya Alps, alikotumbukia mwaka 1962. Barafu imemhifadhi. Katya bado ni msichana, na Geoff ni mzee aliyekwishafanyiwa upasuaji wa moyo.

Kuanzia hapo filamu inakwenda siku kwa siku hadi Jumamosi. Geoff anarudia sigara. Usiku anapanda darini kutafuta picha. Wakiwa kitandani Kate anamuuliza kama angemuoa Katya endapo asingekufa, naye anajibu kwamba ndiyo.

Mahali pa kutulia ni pale Kate anapopanda darini peke yake na kuwasha projekta ya zamani ya slaidi. Picha zinapita moja moja, na kamera haihangaiki. Tunauona uso wa Charlotte Rampling, anayeigiza kama Kate, na picha zile kwa pamoja. Kisha inakuja picha ya Katya ameweka mkono tumboni, na tumbo linaonyesha ana mimba. Kate hasemi neno. Rampling na Tom Courtenay, anayeigiza kama Geoff, walipewa tuzo za Dubu wa Fedha kwenye tamasha la Berlin mwaka huo, na kwangu mimi tukio hili moja lilitosha kumpa mama yule tuzo yake.

Mkitazama vizuri mtaona kwamba Kate haumizwi na mwanamke aliyefariki zamani. Kinachomtafuna ni kuanza kupitia upya maisha yake yote. Kutokuwa na watoto, hata uchache wa picha zao wenyewe ndani ya nyumba: je, tuliamua sisi wawili, au aliamua Katya?

Wengi wetu tulipofundwa tuliambiwa mume usimchimbe, ya nyuma ni ya nyuma. Nakubaliana na kungwi wangu nusu. Yako mengi ambayo yamekwisha kweli, na kuyasimulia ni kumbebesha mwenzako mzigo usio na kazi. Lakini kile ambacho bado kinaamua mambo nyumbani, mwenzako ana haki ya kukijua, tena akisikie kutoka kwako.

Nayasema haya kwa sababu yalitufika. Kwetu ni Moshi, kwao mume wangu ni Lushoto. Tangu tuoane kila Desemba tulipanda basi la Moshi. Lushoto Krismasi haikutukuta hata mara moja. Mara kazi, mara mvua imeharibu barabara, mara mtoto ana mafua. Ndugu zangu wakanisifia kwamba nimepata mwanamume anayependa ukweni. Siku moja baada ya kuitazama filamu hii, mimi nachambua mchele, yeye anafunga bawaba ya kabati, akasema bila kunigeukia, “Mama Neema, unajua kwa nini siendi nyumbani Krismasi?”

Kumbe kabla yangu palikuwa na mchumba. Nusu ya mahari ilikwishatolewa, ndoa ilipangwa Desemba, na Novemba binti akaolewa na mtu mwingine. Huyo binti alikwisha kumtoka moyoni zamani. Alichoshindwa ni kukaa kwenye benchi la kanisa lile lile katikati ya watu waliokuwa wameshatoa michango ya harusi ambayo haikufanyika. Niliumia, sitaficha. Niliumia kwa ajili ya wanangu, ambao hawajawahi kula Krismasi kwa babu yao.

Kwa hiyo nawaomba mambo machache. Msiitazame usiku wa ugomvi. Simu ziwekwe mbali. Katikati ya filamu usimgeukie mwenzako na kumuuliza, “Na wewe je?” Mwache alale nayo. Kesho yake, mikono ikiwa kazini, anza na watu wa kwenye filamu: wewe ungekuwa Geoff, ungetaka kwenda Uswisi? Watu wengi huweza kusema ya kwao wakianzia kwa mtu baki. Akikufungulia, usimuulize kama huyo alikuwa mzuri kuliko wewe, na usiyapeleke kwa mawifi wala kwa shangazi. Ukiyapeleka, hatakwambia tena.

Na kama nyumbani kwako kuna kipigo, filamu siyo dawa yako. Nenda kwa watu unaowaamini, au Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Jambo jingine ni ukimya wa Kate mwenyewe. Anamtaka mumewe aseme ukweli, lakini alichokiona darini hamwambii. Hapo mimi na mume wangu tunabishana mpaka leo. Mwishoni, kwenye sherehe, wanacheza muziki, Geoff anainua mikono yao juu, na Kate anauchomoa wake. Baba Neema anaona kwamba atabaki na mzee wake, kwa kuwa miaka 45 haifutwi na picha moja. Mimi naona atabaki ndani ya nyumba ile, ila yale aliyoyaona darini Geoff hatayasikia kamwe, na hilo ndilo linalonisikitisha kuliko barua ya Uswisi.