Uliza Ujibiwe: Mwalimu anataka makala nilizopewa na AI, na hazipo

Shikamoo dada. Niko mwaka wa pili chuo. Wiki ile nilikua na asaimenti tatu nikaiambia ChatGPT, ile programu ya AI (akili bandia) unayoiuliza ikakujibu, inipe marejeo kumi, ikaleta fasta, waandishi, mwaka, jarida mpaka namba za kurasa, nikabandika kama yalivyo. Sasa mwalimu kaniita anasema ametafuta manne hayapo popote, nimpelekee makala zenyewe Ijumaa. Nimezunguka kote sizipati. Niseme nilikosea kuandika namba?
– Nimebanwa

Marahaba mdogo wangu. Usiseme hivyo, nakuomba. Kosa la namba linakua moja, haliwi manne, na mwalimu ashatafuta kwa majina ya makala sio kwa namba tu. Nenda kesho, usingoje Ijumaa, mwambie ukweli wote. Siwezi kukuahidi kwamba hutaadhibiwa, ila uongo ukiuweka juu ya uzembe unajiongezea kesi ya pili.

Ngoja nikueleze kilichotokea maana wengi wanadhani hii kitu ukiiuliza inaenda maktaba kukutafutia. Kazi yake ya msingi ni kukisia neno gani linafaa kufuata baada ya lililopita, imesoma maandishi mengi mno kwa hiyo inajua rejea inafananaje, jina, mwaka kwenye mabano, juzuu, kurasa, basi inakujengea kitu chenye umbo hilo. Kuna msomaji alinitumia orodha yake tukaipitia pamoja, rejea ya tatu jarida lipo kweli, mwandishi yupo kweli na anaandika mambo hayo hayo ya mikopo midogo, juzuu ipo, nikafungua ukurasa wa 112 nikakuta katikati ya makala ya watu wengine kabisa wanazungumzia kodi. Kila kipande cha kweli, ila vimeunganishwa kuwa kitu kisichokuwepo. Siku hizi programu nyingine za AI zinatafuta intaneti na kukupa linki, hiyo nafuu, lakini linki nayo ifungue usome, maana makala inaweza kuwepo na isiseme kile ulichoambiwa inasema.

Na yamewakuta watu wazima na digrii zao. Mwaka 2023 New York, kwenye kesi ya abiria aliyeishtaki kampuni ya ndege ya Avianca, mawakili wake walipeleka mahakamani hoja zenye kesi ambazo hazijawahi kuwepo duniani, ChatGPT ilizitunga. Wakaambiwa haya leteni hukumu zenyewe, wakapeleka na hukumu za kutungwa! Juni mwaka huo jaji akawapiga faini ya dola 5,000, na kwenye uamuzi wake alieleza kwamba kutumia AI kama msaada kwenyewe hakuna ubaya, na wangekiri mapema mambo yangekua tofauti. Hapo kwenye kukiri mapema ndio ulipo wewe leo.

Ukienda beba yale mazungumzo yako na ChatGPT yenyewe, usiyafute, na orodha mpya uliyotafuta kwa mkono wako, hata zikiwa makala nne tu lakini umezisoma na ukiulizwa inasema nini unajibu bila kuangalia simu. Alafu muulize AI inaruhusiwa mpaka wapi kwenye kozi yake, kuna anayekubali ikueleweshe mada au ikutungie maswali ya kujipima, kuna asiyetaka kabisa, na anayekubali mara nyingi anataka uandike umeitumia wapi.

Dada habari. Mimi insha niliandika mwenyewe usiku kucha, programu ya ukaguzi imesema asilimia 78 ni AI. Kiingereza nimejifunzia darasani tu. Nimelia sana.
– Sijakopi

Nzuri mdogo wangu, na pole sana, hii inaniumiza kuliko barua zote za wiki hii. Ile asilimia sio ushahidi, ni makisio. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa chombo cha kugundua maandishi ya AI Januari 2023, kwenye majaribio yao kikanasa asilimia 26 tu ya maandishi ya AI na kikasingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu, Julai wakakiondoa kwa sababu usahihi wake mdogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nao mwaka huohuo walipitisha insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, za watu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza, kwenye programu saba za namna hiyo, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaambiwa za AI. Programu hizi zinaangalia maneno yanatabirika kiasi gani, na mtu anayeandika lugha ya darasani anashika maneno ya kawaida anayoyaamini, sasa hapo ndio anaponaswa.

Kama uliandikia Google Docs fungua historia ya matoleo, inaonyesha insha ilivyokua saa kwa saa, chapisha uende nayo. Beba na daftari lako la notsi hata kama limechafuka. Alafu omba kwa heshima uulizwe maswali ya mdomo kuhusu insha yako, mwambie mwalimu achague aya yoyote.

Dada, nimehoji watu 12 kwa ajili ya utafiti wangu, naweza kuipa AI yale mahojiano initolee muhtasari?
– Mwaka wa mwisho

Hapana, sio kabla ya kumuuliza supavaiza wako na kuangalia watu wako walisaini kukubali nini. Walikuambia wewe, hawakuambia kampuni, na huduma nyingine zinatumia unachobandika kufundishia mfumo usipozima hiyo setingi. Ukiruhusiwa toa majina, na usiishie kwenye majina. Ukiacha "mwanamke pekee kwenye idara ya ufundi, ana miaka 20 kazini", pale kazini kwake kila mtu ashamjua.