Data za Ubongo Zinapatikana Wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uzamili ninayechunguza kumbukumbu, lakini sina mashine ya kupiga picha za ubongo. Je, nitapata wapi data za watafiti wengine, na zangu nitazitoaje baadaye?

JIBU: Data zipo nyingi, tena bila malipo. Kwa picha za ubongo wa binadamu anza na OpenNeuro, hazina ya data iliyoko mtandaoni. Kwa maumbo ya seli za neva, tazama NeuroMorpho.Org, iliyoanzishwa mwaka 2006. Soma masharti kabla ya kupakua, na umtaje aliyezikusanya.

Kutoa zako ndiko kunakodai uangalifu zaidi. Panga mafaili kwa utaratibu wa BIDS (Brain Imaging Data Structure), yaani kanuni za pamoja za kuyapa majina na kuyapanga mafaili ya picha za ubongo, uliochapishwa mwaka 2016, ili mtafiti usiyemjua ayaelewe bila kukuuliza. Kuondoa majina hakutoshi, kwa sababu picha ya kichwa yenye pande tatu inaweza kuundwa upya ikaonyesha sura ya mshiriki. Kwa hiyo uso hufutwa kwanza kwa programu maalumu. Nakusihi pia usiahirishe suala la ridhaa: fomu wanayotia saini washiriki iseme wazi, tangu siku ya kwanza, kwamba data zitatolewa hadharani, maana kuwatafuta tena baada ya miaka kadhaa ni kazi ngumu mno.