Corona 2020: mmoja nilimrudisha shule, mmoja nikambakiza nyumbani

Mleta mada ameuliza: sisi tuliokuwa na watoto wa shule wakati wa corona, tuliamuaje kuwarudisha au kuwazuia, na tungerudia yaleyale? Nimeona wengi wanajibu "afya kwanza" au "elimu kwanza". Kwangu mambo hayakukaa hivyo, ngoja niseme yaliyonikuta.

Tulikuwa tunaishi Tandika, Dar es Salaam, vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji watano, choo kimoja, bomba moja uani. Mkubwa alikuwa la saba, mdogo la pili, wote shule ya serikali. Na bi mkubwa wangu, yaani mama yangu mzazi, alikuwa kwetu, ana sukari na presha. Huyo ndiye aliyeninyima usingizi, watoto wala.

Machi 17, 2020 Waziri Mkuu Majaliwa alipotangaza shule zifungwe siku 30, nilishukuru. Mgonjwa wa kwanza, kule Arusha, alikuwa ametangazwa jana yake tu. Siku 30 zikazaa miezi mitatu na ushee. Kidato cha sita wakarudi Juni 1, wengine wote Juni 29. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana takwimu za wagonjwa zilishaacha kutangazwa tangu mwanzoni mwa Mei, zikiwa 509 na vifo 21. Ukitaka kujua hali ikoje unamuuliza nani? Kila nyumba ilikuwa na nyungu yake ya kujifukiza na jamaa yake "anayejua".

Tukakaa mimi na mama watoto. Mkubwa hatukumjadili sana: mtihani wa la saba ulikuwa Oktoba, ukimzuia umemharibia. Akarudi. Mdogo nikasema abaki, la pili atafidia mbele ya safari. Mama watoto akauliza, "Abaki na nani?" Nikajibu, na bibi yake. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua mchele.

Wiki ya pili nikatoka kazini Kariakoo mapema, saa tisa hivi nikawa nimeshafika nyumbani. Yule mtoto niliyemficha asipate corona nikamkuta kwenye kiwanja cha nyuma anapiga chandimu na watoto zaidi ya ishirini, wengine sijawahi kuwaona. Chupa ya maji moja inazunguka mdomo hadi mdomo. Aliponiona akatimua mbio ndani, moja kwa moja kitandani kwa bibi yake, akajifunika khanga ya bibi gubigubi na jasho lake lote. Nilibaki nimesimama mlangoni na begi mkononi. Shuleni angalau kulikuwa na ndoo ya koki na mwalimu wa zamu anasimamia wananawa mmojammoja. Uani kwetu sabuni ilikuwa ya kuombana.

Sisemi shuleni kulikuwa salama, msinielewe vibaya. Darasa la mkubwa watoto walipita mia, dawati moja wanne; hiyo mita moja mngeipata wapi? Barakoa ndiyo usiseme. Mama yake alimshonea mbili za bluu kutoka kwenye kipande cha shuka. Siku ya nne karudi amevaa ya kitenge. Yako iko wapi? "Tumebadilishana, ya mwenzangu inanukia vizuri." Mama yake hakujua acheke au alie, akaichukua akaitia kwenye maji ya moto.

Na mimi hakimu wa nani atoke na nani abaki, kila siku napanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Ile levo siti, ya abiria wote kukaa, ilikufa kimyakimya, tukarudi kubanana mlangoni kama kawaida. Hakuna aliyeniuliza kama nibaki nyumbani, na mimi sikujiuliza.

Mdogo nilimrudisha katikati ya Agosti. Wenzake walikuwa wameshaingia kwenye kuzidisha. Mwalimu wake hakunigombeza, alinipa daftari la mwenzake ninakili, nikakesha nalo siku tatu kwa tochi ya simu wakati umeme umekatika.

Bi mkubwa aliugua Februari 2021, kipindi kile misiba inafuatana na watu wanasema "changamoto ya upumuaji" bila kuitaja corona. Watoto walikuwa wazima kabisa, wanaenda shule na kurudi. Aliyekohoa wa kwanza mle ndani nilikuwa mimi, siku tano kabla yake, nikasema ni mafua ya vumbi. Alilazwa siku tisa, kati ya hizo sita za oksijeni. Alirudi, Mungu mkubwa, na mpaka leo nikikohoa ananiuliza kama ni vumbi.

Kwa hiyo mkuu, mimi ningeanza kuiangalia nyumba kabla sijaiangalia shule. Kama una geti lako, una mtu mzima wa kushinda na mtoto na anayeweza kumfundisha hata saa mbili kwa siku, mzuie, mwaka hauozi. Kama unaishi nilivyokuwa naishi, unamtoa kwenye msongamano wenye mwalimu unampeleka kwenye msongamano usio na mwalimu. Mtu wa kuhamishwa kwetu alikuwa bi mkubwa. Dada yangu yuko Kisarawe, ana nyumba pweke na mti wa mwembe, na mama watoto alishalisema hilo Juni ileile. Nikaona aibu, watu watasema nimemfukuza mama yangu kwa ajili ya ugonjwa.

Mdogo alifika la saba 2025, kichwa kizuri tu. Ila ukimuuliza saba mara nane, lazima kwanza aangalie dari.