Mafuta ya jenereta kalipa nani?

Mwaka juzi niliandika mchezo wa redio wa sehemu nane. Nilikuwa nimetoka kumaliza misimu mitatu ya For All Mankind, ile tamthilia ya Kimarekani ambayo ndani yake Warusi ndio wanaotangulia kufika mwezini, nikajiambia: hata sisi tunayo ya kwetu. Pale Tunguu, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mradi wao wa kwanza wa kupeleka watu angani. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alizungumza na watu wa kituo kile akipita juu ya vichwa vyetu. Waliokipinga waliandamana, wakisema ni cha makombora, na miezi michache baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kikafungwa. Mimi nikauliza: je, kama kisingefungwa?

Nikaandika kwa mwezi mzima, usiku. Kisha nikampa mama mdogo asome.

Mama mdogo alikuwa mweka hazina wa chama cha ushirika kwa miaka mingi, na kila karatasi huisoma kama daftari la mapato na matumizi. Alivaa miwani, akachukua penseli, akanyamaza. Aliponirudishia, pembeni mwa ukurasa wa nne palikuwa na maneno matano tu: "Mafuta ya jenereta kalipa nani?"

Nikamwambia, mama, hii ni hadithi. Akasema, "Najua ni hadithi, mwanangu. Lakini serikali imewakatalia, bandari imefungwa, na taa zao zinawaka. Kama hukuniambia mafuta yametoka wapi, mimi nimeshaacha kukusikiliza."

Niliudhika siku tatu. Siku ya nne nikaanza kuchimba, na hapo ndipo nilipokuta tatizo kubwa kuliko la mafuta. Hadithi yangu yote ilisimama juu ya wazo kwamba bila Unguja Wamarekani wasingeweza. Kumbe walipoondoka walihamishia kazi ile Tananarive, Madagascar, na vyombo vya Gemini, mradi uliofuata Mercury, vikafuatiliwa kutoka huko. Kona niliyoidhani itageuza historia, historia yenyewe ilikuwa imeikwepa kwa kufunga mizigo tu.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuudhi kukaa naye mbele ya televisheni. Kila tamthilia ya historia mbadala ikipiga kona, siulizi kama jambo lile linawezekana. Karibu kila kitu kinawezekana. Nauliza nani kalipa, na alianza kulipa lini. Wewe unayeandika, au unayependa tu kubishana na wenzio baada ya kutazama, jaribu kipimo hicho. Nitakionyesha kwa tamthilia hiyohiyo, kwa hiyo kama hujaitazama na hupendi kufichuliwa, rudi ukimaliza.

Ronald D. Moore, mmoja wa walioiunda, ameeleza kwamba historia yao inaachana na yetu kwa kifo kimoja kisichotokea. Sergei Korolev, mhandisi mkuu wa roketi za Urusi, alifia kwenye upasuaji mjini Moscow tarehe 14 Januari 1966. Inasimuliwa kwamba taya lake lilivunjwa wakati wa mateso ya enzi za Stalin, ndiyo maana madaktari wakapata shida kumpitishia mpira wa hewa. Katika tamthilia anapona, na Juni 1969 mwanaanga wa Urusi, Alexei Leonov, anakanyaga mwezi.

Kama mwandishi naivulia kofia kona hii. Mtu mmoja, meza moja ya upasuaji, na kila mtazamaji anaelewa. Tena si kama kituo changu cha Tunguu, maana Korolev hakuwa na Tananarive yake. Vasily Mishin aliyerithi kiti alikuwa mhandisi mzuri, ila hakuwa na ule ubavu wa kugonga meza mbele ya wakubwa wa chama cha Kikomunisti.

Lakini ukimpa mama mdogo daftari la mradi ule, penseli inaanza kazi. Rais Kennedy wa Marekani alitangaza safari ya mwezini tarehe 25 Mei 1961. Wakubwa wa Urusi walitoa amri ya kupeleka mtu mwezini Agosti 1964. Miaka mitatu hiyo ilipotea Korolev akiwa mzima wa afya. Halafu kuna ugomvi wa injini. Valentin Glushko, bingwa wa injini za roketi nchini mwao, alitaka mafuta ya sumu yanayowaka yakikutana tu. Korolev alitaka mafuta ya taa na oksijeni ya kimiminika. Hawakuafikiana. Korolev akaenda kwa Nikolai Kuznetsov, mtengenezaji wa injini za ndege, ambaye angeweza kumpa injini ndogo ndogo tu. Ndiyo sababu hatua ya kwanza ya roketi yao ya N1 ilikuwa na injini 30, wakati Saturn V ya Marekani ilikuwa na 5. Na hawakujenga jukwaa la kuziwasha zote 30 pamoja zikiwa zimefungwa chini, kwa hiyo jaribio la kwanza la hatua nzima lilikuwa ni kuirusha.

Waliirusha mara nne, na mara nne ikaanguka. Ya kwanza ilikuwa tarehe 21 Februari 1969. Ya pili, tarehe 3 Julai, iliangukia jukwaa lake na kuliharibu, siku 13 kabla ya Apollo 11, iliyowafikisha Wamarekani mwezini, kuondoka.

Sasa mpe Korolev uhai wake. Injini zinapungua? Jukwaa la majaribio linajengwa? Glushko anapatana naye? Huyu tunayemponya alikuwa nusu ya ugomvi wenyewe! Na tamthilia inataka mtu awe mwezini Juni, miezi minne baada ya roketi ile kuanguka kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Ningekuwa mimi, ningemwacha Korolev afe siku yake na ningesogeza uongo nyuma hadi 1961: amri itoke mwaka ule, na Glushko akubali mafuta ya taa. Kona hiyo haina mvuto, nakiri. Hakuna anayelia kwa ajili ya mafuta ya taa. Lakini ingelipa deni lote.

Wale wanaocheka kona nyingine ya msimu wa kwanza ndio wananishangaza. Warusi wanapeleka mwanamke mwezini, na Rais Nixon anaamuru wanawake waingizwe kwenye mafunzo ya wanaanga. Nimesikia watu wakisema hiyo ni siasa ya leo iliyovishwa nguo za zamani. Sivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 William Lovelace, daktari aliyeishauri NASA, shirika la anga la Marekani, aliwapima marubani wa kike kwa vipimo vilevile walivyopimwa wanaume wa Mercury, nje ya mpango wa NASA, na 13 wakafaulu, Jerrie Cobb akiwa wa kwanza. Julai 1962 suala lao lilifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Wakakwamishwa na sharti la kuwa rubani wa majaribio wa ndege za jeti za kijeshi, kazi ambayo mwanamke hakuruhusiwa kuifanya. Mwaka uliofuata Mrusi Valentina Tereshkova akawa mwanamke wa kwanza kuruka angani. Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, akasubiri hadi 1983.

Kwa hiyo tamthilia haikulazimika kuunda kitu. Bidhaa ilikuwa ghalani, imeshapimwa, inangoja sahihi. Kona ya namna hiyo ni rahisi kuliko zote, nami naiona ndiyo ya kuaminika kupita nyingine katika misimu yote. Ukitaka kugeuza historia, kwanza pita ghalani uone kilichowekwa kando.

Mwisho wa msimu wa pili, mume na mke waliotalikiana wanajizungushia tepu mwilini na kukimbia nje kwenye uso wa mwezi ili kuokoa kinu cha nyuklia. Hapo watu huzima televisheni. Mimi sikuzima, kwa sababu ya fundi mmoja. Desemba 1966, Houston, Jim LeBlanc alikuwa akijaribu vazi la anga ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, mpira wa hewa ukachomoka. Alibaki na fahamu kama sekunde 14, na kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yakitokota juu ya ulimi wake. Wakamrudishia hewa, akaishi. Mwili wa binadamu hulipa bei kubwa kule, ila haulipi yote kwa mkupuo, na tamthilia iliwalipisha wale wawili. Hawakurudi wakitabasamu.

Kuna na zile kona ambazo hakuna mhariri angezipitisha kama zisingekuwa kweli. Apollo 12 ilipigwa na radi mara mbili ndani ya dakika ya kwanza tangu iruke, Novemba 1969. Vipimo vikavurugika, na kijana wa chumba cha kuongozea safari, John Aaron, akasema wageuze swichi moja ambayo hata bosi wake hakuitambua. Hata hiyo, ukichunguza, ililipiwa mapema: Aaron alishaona mvurugiko wa aina ileile kwenye jaribio la awali, akaenda kuuliza maana yake. Au hii ya kwetu: setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, 12 Desemba 1970, ikapewa jina Uhuru. Ningeiandika hiyo, mama mdogo angesema nimezidisha chumvi.

Aliyenishinda ni yule Mkorea Kaskazini. Msimu wa tatu, Marekani, Urusi na kampuni binafsi wanakimbizana kwenda Mars, kisha mwishoni tunaambiwa kuna mtu wa Pyongyang aliyewatangulia wote. Nilicheka, kweli. Ila mshtuko ulipopita nilitafuta risiti, sikuiona. Chombo cha Mars ni viwanda, ni majaribio, ni miaka ya watu wengi kufanya kazi mahali fulani. Viwanda hivyo na watu hao msimu haukutuonyesha.

Mchezo wangu nimeuandika upya. Kituo kinafungwa, kama kilivyofungwa. Kijana wa Tunguu aliyekuwa akifagia chumba cha mitambo, na aliyejifunza kusoma vipimo kwa kutazama tu, anaamua kuifuata kazi Tananarive. Nilidhani safari hii nimeziba kila tundu. Jumapili iliyopita karatasi zimerudi, na kwenye ukurasa wa sita kuna penseli tena: "Nauli ya meli?"