Kuwapeleka wenzako wa ofisini Bagamoyo kwa baiskeli

Ukiwa mtu pekee anayekuja kazini na baiskeli, iko siku wenzako watakufuata na kukwambia, "Kaka, na sisi tupeleke." Kwetu ombi hili huja zaidi pale msafara wa baiskeli wa Twende Butiama unapoonekana kwenye taarifa ya habari ukikatiza mikoa kuelekea Mara. Mhasibu anajishika kitambi, anasema hata sisi tunaweza, na kabla ya chai ya saa nne kundi la WhatsApp limeshafunguliwa. Safari inayotajwa huwa ni ileile, Bagamoyo.

Nimewapeleka watu wa ofisi zaidi ya moja, wengi wao hawajakanyaga pedali tangu shule ya msingi. Ninachoamini ni kwamba kilomita si tatizo. Mtu mzima mwenye afya ya kawaida anafika Bagamoyo akienda taratibu. Kinachomwangusha ni aibu. Yuko nyuma ya mkuu wa idara, mbele ya binti wa mapokezi ambaye angeweza kuwa mwanawe, na hawezi kusema kwamba amechoka, kwamba hajui kubadilisha gia, au kwamba anatafuta choo. Kwa hiyo anakaza meno mpaka mwili unakataa. Sehemu kubwa ya kazi ya anayeongoza ni kupanga mambo ili mtu huyo asilazimike kuomba chochote.

Tuanze na msimu. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yenyewe: masika yameisha, joto la Dar limepungua, na kusi inavuma. Hilo la kusi wengi hawalifikirii. Bagamoyo iko kaskazini-magharibi ya Dar es Salaam, na upepo unaotoka kusini-mashariki unawasukuma mgongoni njia nzima. Mgeni wa baiskeli hatajua kama anasaidiwa, ataona ni nguvu zake, na mwache aone hivyo. Januari na Februari mambo hugeuka. Kaskazi inawajia kwa mbele na ubavuni, jua linachoma, na watu walewale ambao wangefika wakicheka watafika wamenuna. Kwa sababu hiyohiyo, usipange kurudi kwa baiskeli. Upepo uliowasukuma asubuhi huwa umeongezeka nguvu mchana, na sasa mtaupinga mkiwa hoi, katikati ya magari yanayowahi mjini. Nendeni kwa pedali, rudini kwa Canter.

Anzieni Tegeta. Wapo watakaotaka kuanzia Posta ili picha ipate maghorofa, lakini kipande cha Posta mpaka Tegeta ni mataa, makutano na daladala zinazokata kushoto ghafla kushusha abiria. Mgeni anakimaliza akiwa ametumia ujasiri wake wote, na safari yenyewe bado. Kutoka Tegeta zinabaki kilomita 40 na ushei. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, pamoja na vituo, hiyo ni safari ya saa nne hivi. Mkiondoka saa 12:30 asubuhi, jua likianza kuwa kali mnakaribia mji.

Baiskeli ndizo zitakazokutoa jasho kabla ya siku yenyewe. Zitakuja za kila namna: ya mpwa wa mtu, ya mtumba kutoka Japani yenye kikapu mbele, ya gia nyingi iliyonunuliwa juzi dukani na kufungwa na mtu ambaye hajui usukani unaelekea wapi, na moja nyembamba ya mashindano aliyoazimwa kijana wa IT. Usiwaambie watu "hakikisheni baiskeli zenu ziko sawa." Hawajui sawa ikoje. Mlete fundi kwenye maegesho ya ofisi Ijumaa ya wiki moja kabla, mlipe jioni yake nzima, na kila mtu apitishe yake. Fundi mzuri atashika breki kwanza, kisha atatikisa gurudumu kusikia kama beringi zimelegea, na kwenye zile za zamani ataangalia kotapini, zile pini zinazobana mikono ya pedali. Wewe angalia tairi. Za mtumba mara nyingi zina ua zuri lakini ubavuni zimepasuka mistari midogo, kwa sababu mpira umezeeka. Tairi ya namna hiyo haifiki Mapinga. Na zile za Kijapani zina pini ya kujazia upepo iliyo tofauti na ya gari, ile yenye kimpira kidogo ndani. Pampu ya pini za aina ya gari haiingii pale, na kimpira chenyewe huchoka bila kuonyesha dalili. Bebeni pampu inayokubali zote mbili na vimpira vya akiba, ambavyo bei yake ni ya kutupa.

Halafu kiti. Hapa usimwonee mtu haya. Karibu kila mgeni anashusha kiti mpaka miguu yote miwili ikanyage chini, kwa hofu ya kuanguka, na akiendesha hivyo kwa saa tatu magoti yatamuuma wiki nzima. Kipimo rahisi: akae kitini, aweke kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Akihamishia sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Asiyeweza kuvumilia urefu huo siku ya kwanza, mpandishie nusu Ijumaa na nusu nyingine Jumapili ya mazoezi. Maana mazoezi lazima yawepo: Tegeta hadi Bunju na kurudi, asubuhi moja, bila picha. Hapo ndipo unapojua nani anaogopa magari, nani hawezi kunywa maji huku anaendesha, na nani ameongopa kwamba anajua baiskeli.

Kuhusu gia nasema jambo moja tu, kwa sababu ukieleza zaidi watasahau yote. Weka cheni kwenye duara la kati mbele, mwambie mkono wa kushoto asiuguse kabisa, atumie wa kulia peke yake, na abadilishe kabla kilima hakijaanza. Mtu anayebadilisha gia akiwa amesimama juu ya pedali katikati ya mlima atatoa cheni, atasimama ghafla, na wa nyuma yake watamparamia.

Hilo la kuparamiana ndilo linaloangusha wageni kuliko magari. Watu wa ofisi moja wanapenda kupiga soga, wanasogeleana, tairi ya mbele ya huyu inaingia pembeni ya tairi ya nyuma ya yule, na yule akiyumba kidogo tu zinagusana. Anayeanguka ni wa nyuma, karibu siku zote. Mstari mmoja, kushoto mwa barabara, nafasi ya baiskeli mbili kati ya mtu na mtu, na soga zisubiri kituo. Aliye mbele akiona shimo, mchanga au matuta, apige kelele na kila mmoja arudie, "Mchanga!" mpaka mkiani. Mwanzoni wanacheka, wakifika Bunju wanaipigia kelele hata mbuzi. Waonye pia kuhusu bodaboda zinazokuja pembezoni kinyume na njia: usikwepe kwenda kulia bila kutazama nyuma, punguza mwendo umwache akukwepe yeye. Helmeti na fulana za reflekta si jambo la kujadiliana. Asiyekuwa nazo anapanda gari la kusindikiza, hata kama ndiye anayesaini malipo yako ya likizo.

Tukimtaja bosi, yeye anahitaji mpango wake. Mkuu wa idara akiwa mbele hakuna atakayempita wala kumwambia apunguze, na akitaka kuonyesha kwamba bado ana nguvu atawaua watu. Mimi humfuata siku moja kabla. "Shikamoo mzee. Kesho nakuomba unisaidie nyuma, uwe wa mwisho kabisa. Vijana wakikuona uko nyuma yao watatulia." Hajakataa hata mmoja. Kwa cheo chake hakuna anayeona aibu kubaki nyuma pamoja naye, na mara nyingi mtu aliyechoka anajikuta akiongea na mkuu wa idara kwa nusu saa, jambo ambalo ofisini lingehitaji miadi. Mbele muweke mtu asiyependa sifa, mwanamke mwenye mwendo wa wastani ikiwezekana, na umwambie asizidi kilomita 15 kwa saa hata penye mteremko. Usimuweke yule mwenye baiskeli ya mashindano. Huyo mpe kazi ya kupanda na kushuka mstari akihesabu watu, itamchosha salama.

Sasa gari. Kila safari ya namna hii ina gari la kusindikiza, na katika kila safari watu huteseka kuliko kulipanda, kwa sababu anayepanda ameshindwa mbele ya ofisi nzima. Dawa yake ni zamu. Safari igawe vipande: Tegeta hadi Bunju, Bunju hadi Mapinga, Mapinga hadi Kerege, Kerege hadi Kiromo, kisha mjini. Kila kipande watu wawili wanakaa garini, wanagawa maji na ndizi, wanapiga picha. Orodha ya zamu inatumwa kwenye kundi mapema, na bosi ndiye wa kwanza, kabla ya kwenda kushika mkia. Unapoiandika, wale uliowaona wakihema siku ya mazoezi uwapange Bunju hadi Mapinga, maana hapo kuna kushuka kwenye bonde la mto Mpiji na kupanda upande wa pili, mahali mgeni anapokata tamaa. Hakuna atakayejua kwa nini amepangwa hapo. Na mtu akizidiwa njiani anabadilishana zamu tu na mwingine, hakuna aliyeshindwa.

Mambo ya mwili mengine yanaulizwa pembeni, mmoja mmoja, kamwe si kwenye kundi. Nani ana presha, nani ana sukari, nani ana pumu na kifaa chake kiko wapi. Akina dada waulizwe na dada mwenzao kuhusu mavazi na vyoo. Panga vituo kwenye vituo vya mafuta vyenye choo kinachofunguliwa asubuhi, na upite siku moja kabla kuhakikisha, usimwamini mtu kwa simu. Baibui au sketi ndefu si kikwazo ikiwa suruali iko ndani na pindo limefungwa mbali na cheni. Kwa wote: suruali ya kubana isiyo na mshono mnene katikati, na mafuta ya mgando pale panaposuguana na kiti. Ukisema hilo watu watacheka. Liseme hivyohivyo.

Chakula wengi hukielewa kinyume. Wanakuja bila kula kwa sababu "nitakula Bagamoyo," wanabeba maji mengi na basi. Mwendo wa saa nne unahitaji wanga tangu mwanzo: chapati au vitumbua kabla ya kuondoka, ndizi au kashata kila kituo hata kama njaa haijauma. Maji nusu lita kwa saa ndicho kiwango cha kuanzia, zaidi kwa anayetoka jasho sana, lakini si maji matupu tu. Jasho linatoka na chumvi, kwa hiyo karanga za chumvi zina kazi, na pakiti za ORS, kila moja kwenye lita moja ya maji. Dafu ni tamu na linapoza roho, ila chumvi yake ni kidogo, msilitegemee peke yake.

Jifunze kumtambua aliyekwisha kabla hajasema. Kulikuwa na ofisa ugavi mmoja, mtu wa maneno mengi, aliyetuchekesha toka Tegeta. Baada ya Kerege akanyamaza. Kisha tairi yake ikaanza kuchora nyoka barabarani. Nilipomuuliza hali, akanijibu "niko sawa" kwa sauti ya mtu aliye usingizini. Tukamsimamisha chini ya mwembe, soda mkononi, kashata, miguu juu, na baada ya dakika ishirini akaanza tena kumsema mhasibu. Huyo ilikuwa njaa. Ila angekuwa amechanganyikiwa, ngozi ikiwaka moto, anatapika, hapo si suala la soda wala mwembe. Anamwagiwa maji, anapepewa, na gari linamkimbiza hospitali.

Mkifika, msiishie kwenye picha ya kibao cha mji. Pelekeni baiskeli taratibu hadi mji mkongwe, mle samaki karibu na soko la pwani, na wenye pumzi bado wanaweza kuangalia Boma la Wajerumani. Magofu ya Kaole ningeyaacha kwa siku nyingine, au yapitieni kwa gari. Kuna kipande cha mchanga, na mtu aliyekwisha vua viatu moyoni hatasukuma baiskeli mchangani kwa furaha.

Canter ya kurudi iwe imelipwa nusu mapema na dereva ajue saa. Ombeni ije na maboksi au magodoro chakavu, muyaweke kati ya baiskeli na baiskeli, pedali zigeuzwe ndani, upande wa cheni usielemewe, kisha kamba. Mpangilio huo asiachiwe utingo peke yake, atazirundika kama mkaa na Jumatatu utapokea malalamiko ya gia zilizopinda. Na michango yote ya gari, fundi, maji na Canter ikusanywe kabla ya siku ya safari. Nimekwisha kudai hela ya Canter kwa watu waliokwisha kuoga na kulala, na kupanda Mpiji ni rahisi zaidi.