Hela ya bustani haiombwi kwa aibu

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mjini kwao kuna kiwanja cha ndege cha zamani, hakuna kinachotua pale siku hizi ila kunguru. Vijana wanataka kiwe bustani ya umma, lakini kila wanayemfuata kumwomba mchango anawapiga kalenda. Mdogo wangu, umenikumbusha mbali.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 niliishi San Francisco, nikajitolea kwenye uchangishaji wa Crissy Field, kiwanja cha ndege cha zamani cha jeshi kilichokuwa kikigeuzwa bustani ya umma. Jeshi la Marekani lilikifungua mwaka 1921, na jina ni la Meja Dana Crissy aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1919. Leo ukiona watu wanakimbia kwenye majani, daraja la Golden Gate likiwa mbele yao, utadhani Mungu ndiye aliyepaumba hivyo. Mimi nilipakuta pana lami iliyopasuka, vifusi, na udongo wenye sumu uliobidi uchimbwe na kusombwa.

Mradi ulikula zaidi ya dola milioni 34. Familia ya Haas, wale wa kampuni ya jinzi ya Levi Strauss, ilitoa milioni 18. Watu wakisikia hivyo husema, "Aa, kumbe ni tajiri tu." Haya, toa 18 kwenye 34 uniambie iliyobaki ilidondoka wapi.

Sisi wa chini tulisimama na meza na vipeperushi, ukungu unaingia hadi kwenye mifupa. Waliotoa upesi ni wale waliokuwa wakipatumia hata kabla hapajapendeza: wenye mbwa, wakimbiaji, na wanaocheza na tanga baharini. Bibi mmoja alinipa noti ya dola tano iliyokunjwa mpaka ikawa kama kidonge, akasubiri risiti, akaisoma, akanirudishia nisahihishe jina lake. Akaja tena na jirani yake. Bosi wangu wa wakati ule, mwenye gari la bei mbaya, aliahidi mbele ya ofisi nzima na sikuona hata senti.

Lakini walioniumiza ni wa nyumbani. Kwenye kikao chetu cha Watanzania kaka mmoja alisema, "Dada, unawabebea Wazungu kapu?" Watu wakacheka. Hao hao leo wanapiga picha za harusi pale pale! Sijasahau.

Na kuchangisha tunajua, tusidanganyane. Harusi ikitangazwa, kesho yake kuna kamati, mweka hazina na meseji za alfajiri za "punguza ahadi yako". Bustani ikitajwa, tunaanza kuinamisha vichwa kama tunaomba hela ya kilevi. Acheni hiyo! Mfuate mtu, mtazame usoni, taja kiasi, taja kitakachofanywa. Pale Crissy tulikuwa na kitu cha kutaja: miche ya asili kama 100,000, ambayo watu wa kujitolea waliipanda kwa mikono. Aliyepanda mche wake huhitaji kumbembeleza tena. Anarudi mwenyewe kuutazama, na pochi anayo.

Msigombane pia. Wapenda ndege za chuma walitaka uwanja wa majani urudi kama ulivyokuwa miaka ya 1920. Wapenda ndege wenye manyoya walitaka kinamasi kilichofukiwa zamani. Vikapatikana vyote, kinamasi kikiwa kidogo kuliko walivyotamani. Novemba 1999 maji ya bahari yakaruhusiwa kuingia, na Mei 2001 bustani ikafunguliwa.

Sasa wewe uliyeniandikia: Crissy ilikuwa imeshatoka mikononi mwa jeshi na kukabidhiwa idara ya hifadhi za taifa mwaka 1994, kabla ya hayo yote. Cha kwenu kiko kwa nani? Halmashauri, mamlaka ya viwanja vya ndege, au kuna mjanja ameshakikatia viwanja? Tafuta kwanza hiyo karatasi. Ukiipata nitumie picha yake, tupange nani aombwe wa kwanza.