Majina mapya kwenye tenisi ya wanawake: anza kutazama kwenye mchujo

Mkuu, umeuliza kwa nini kila ukifungua Grand Slam ya wanawake (yale mashindano manne makubwa ya tenisi: Australian Open, Roland Garros, Wimbledon na US Open) kwenye nusu fainali unakuta jina usilolijua, na kama kuna njia ya kulijua mapema. Njia ipo. Mimi nami nilikuwa natazama kuanzia robo fainali, hadi Septemba 2021.

Mwaka ule fainali ya US Open ilikuwa ya Emma Raducanu wa Uingereza, miaka 18, na Leylah Fernandez wa Kanada, aliyetimiza 19 mashindano yakiwa yanaendelea. Raducanu alikuwa wa 150 duniani. Aliingia kwa kupitia mchujo, yaani mechi za awali za kuwania nafasi ya kushiriki, na safari ya kurudi kwao ilikuwa imeshapangwa kwa siku za mwisho wa mchujo huohuo. Akashinda 6-4, 6-3. Ukijumlisha na mchujo ni mechi 10, seti 20, hakupoteza hata moja. Tangu Grand Slam ziruhusu wachezaji wa kulipwa mwaka 1968, hakuna mtu aliyetokea mchujo akabeba taji, mwanamke wala mwanamume, isipokuwa yeye. Na mimi mechi zake saba za mwanzo zilikuwa zimenipita. Iliniuma sana, maana ile ilikuwa hadithi ya wiki tatu na mimi nilisoma kurasa za mwisho tu.

Tangu hapo kila mashindano makubwa nayafuata na daftari. Droo, yaani mpangilio wa nani anakutana na nani, ikitoka naichora kwa mkono, robo moja baada ya nyingine. Kuchora kunakulazimisha kumtazama kila mtu.

Droo kuu ya Grand Slam ina wanawake 128, na bingwa lazima ashinde mechi 7. Kati yao 104 huingia kwa nafasi zao kwenye orodha ya ubora, 8 hupewa mwaliko maalumu na waandaaji, na 16 hutoka mchujo. Mchujo nao una watu 128 na raundi tatu, hivyo anayepitia huko akitaka taji ana mechi 10 mbele yake. Kisha kuna 32 bora wanaopewa namba, 1 hadi 32, ili wasikutane mapema. Namba 1 hukaa juu kabisa, namba 2 chini kabisa, na hao 32 hawawezi kukutana wao kwa wao kabla ya raundi ya tatu. Basi mwenye namba akianguka siku ya kwanza, kipande chake chote cha droo kinabaki wazi. Hapo ndipo majina unayoyaona mageni hupanda. Mimi huzungushia duara kila mechi ya raundi ya kwanza ambapo mwenye namba anakutana na aliyetoka mchujo. Huyu wa pili ameshacheza mechi tatu kwenye viwanja vilevile, kwa mipira ileile, upepo ameshauzoea. Mwenzake ndiyo kwanza anaingia.

Jambo la pili: usiiamini namba peke yake. Orodha ya ubora huhesabu pointi za wiki 52 zilizopita, kwa hiyo aliyekaa nje kwa jeraha hushuka hata kama mkono wake bado ni uleule. Markéta Vondroušová aliingia Wimbledon 2023 akiwa wa 42 kwenye orodha ya ubora, kwa hiyo bila namba ya droo, akamfunga Ons Jabeur fainali 6-4, 6-4. Ni mwanamke wa kwanza kutwaa Wimbledon bila kupewa namba. Wengi walishangaa ametoka wapi. Lakini alishacheza fainali ya Roland Garros mwaka 2019 na kuchukua medali ya fedha ya Olimpiki ya Tokyo. Mwaka 2022 alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono, ndiyo maana alikuwa ameporomoka. Siku hizi kila jina lisilo na namba natafuta kwanza miaka miwili nyuma lilikuwa wapi.

Nimeona mchangiaji mmoja hapo juu kasema tenisi ya wanawake ni bahati nasibu. Sikubaliani naye kabisa. Kwa wanawake, anayepokea mpira ana nafasi kubwa zaidi ya kumnyang'anya gemu anayeanzisha mpira kuliko ilivyo kwa wanaume. Kuongoza 4-1 hakukuhakikishii seti, na mechi yenyewe ni seti mbili za kushinda tu. Anayethubutu kushambulia ana mlango. Katika fainali ya Roland Garros 2017, Jelena Ostapenko, naye bila namba, alipoteza seti ya kwanza mbele ya Simona Halep, na kwenye ya pili akawa nyuma 3-0. Hakupunguza kasi ya mkono hata kidogo. Akashinda 4-6, 6-4, 6-3, kwa mipira 54 ya ushindi wa moja kwa moja na makosa 54 ya kujitakia. Huwezi kuita hiyo bahati. Alichagua kucheza hivyo kuanzia pointi ya kwanza hadi ya mwisho.

Nje ya Grand Slam kuna ngazi tatu kuu za mashindano ya WTA, chama cha tenisi ya wanawake: 1000, 500 na 250, na hizo ndizo pointi anazopata bingwa. Usizidharau 250, huko ndiko utakakowaona wa kesho wakiwa bado wanajifunza. Linz, Austria, Oktoba 2019, mashindano ambayo wakati huo yalikuwa ya ngazi hiyo ya chini, Coco Gauff akiwa na miaka 15 alifungwa raundi ya mwisho ya mchujo. Maria Sakkari akajitoa kwenye droo kuu, nafasi yake akapewa Gauff. Aliyefungwa kwenye mchujo akitaka nafasi ya namna hiyo hujiandikisha kabla mechi za siku hazijaanza, kisha hukaa tayari, raketi begani, akisubiri mwenzake augue au ajitoe. Gauff alimtoa Kiki Bertens, namba 1 wa mashindano, na fainali akamshinda Ostapenko. Ndilo taji lake la kwanza la WTA. Mwaka 2023 alipombwaga Aryna Sabalenka na kutwaa US Open, mshangao kwangu haukuwepo, furaha tu.

Kwa hiyo mkuu, mchujo wa Grand Slam huchezwa wiki moja kabla ya droo kuu. Chagua wachezaji watatu tu kwenye raundi ya kwanza ya mchujo, waandike, uwafuate mpaka watolewe. Ukimaliza, rudi kwenye uzi huu uniambie uliwachagua nani.